Mbwa Asiyeuma Naye Aulizwe

Katika vituo vingi vya afya, mbwa hutajwa siku anapouma. Jeraha huoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15, chanjo ya kichaa cha mbwa hutafutwa, na mwenye mbwa huitwa. Hayo ni ya lazima. Lakini mbwa asiyeuma, yule anayeshinda chini ya mwembe akicheza na watoto, hana nafasi katika faili la mgonjwa, na ukimya huo huwagharimu watoto na mbwa pia.

Mfano ulio wazi ni mnyoo uitwao Toxocara canis. Watoto wa mbwa huambukizwa wangali tumboni, kwa kuwa mabuu hupita kwenye kondo la nyuma. Wengine hupata mabuu katika maziwa ya mama. Tumbo huvimba, manyoya hufifia, na walio dhaifu hufa. Wanaosalia humwaga mayai ya minyoo uani kupitia kinyesi. Binadamu akiyameza mayai yaliyokomaa, kwa kawaida kupitia udongo ulioshikamana na vidole, mabuu huanguliwa na kutangatanga katika ini, mapafu au jicho. Mwaka 1950 mtafiti wa Marekani, Helenor Wilder, alichunguza macho 46 yaliyong'olewa, mengi yakiwa ya watoto walioshukiwa kuwa na saratani ya jicho. Katika 24 alikuta mabuu ya minyoo au mabaki yake. Baadaye mabuu katika baadhi ya macho hayo yalitambuliwa kuwa ya mnyoo huyo wa mbwa.

Mhudumu wa afya anapaswa kukumbuka jambo moja ambalo kipimo hakitamwambia. Mabuu hayo hayakomai ndani ya binadamu, hivyo hayatagi. Kipimo cha choo cha mtoto kitakuwa safi hata kama ugonjwa upo. Tembe moja ya albendazole inayotolewa shuleni haitoshi kuutibu. Kinachoweza kusaidia kumwelekeza tabibu ni swali: je, nyumbani kuna mbwa, hasa wadogo, na wamepewa dawa ya minyoo?

Safura ya mbwa nayo huonekana mara nyingi kliniki, ila hutibiwa nusu. Mtoto huja na mstari mwekundu unaojikunja chini ya ngozi ya mguu na kuwasha mno, hupewa dawa, kisha hurudi kwenye mchanga uleule uliomwambukiza. Wakati huohuo watoto wa mbwa wa nyumba hiyo wanaishiwa damu, na hakuna aliyeandikiwa kuwaona. Tiba hapo haijakamilika, hata kama kadi inasema imekamilika.

Kinga yenyewe haihitaji mtaalamu. Mayai ya Toxocara huhitaji wiki 2 hadi 4 udongoni, kutegemea joto na unyevu, kabla ya kuweza kuambukiza. Mabuu ya safura hukomaa mapema zaidi, ndani ya siku chache. Kinyesi kinachozolewa kila siku kwa koleo na kufukiwa mbali na mahali pa kuchezea huondoka kabla ya hatari kuiva. Watoto wa mbwa huanza dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi waache kunyonya, na mama yao hupewa pamoja nao.

Mimea hailei vimelea, lakini uwanja ni uleule. Mbarika huota penye jalala, mbono kaburi hupandwa kuwa ua, na saikadi, inayofanana na mnazi mfupi, hupamba mabaraza. Mbegu ya mbarika ikitafunwa huachia risini, sumu isiyo na kiuasumu. Saikadi huharibu ini la mbwa. Maziwa, ambayo ndiyo huduma ya kwanza katika nyumba nyingi, hayaondoi sumu hizo. Mbwa anayetapika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na tawi la mmea aliotafuna. Nyumba hiyo ina watoto pia, na mbegu za mbono huwavutia kwa kufanana na karanga.

Wapo wanaosema dawa ni kuwafukuza mbwa. Mbwa aliyefukuzwa hujisaidia barabarani, mahali asipo na wa kumzolea wala wa kumpa dawa. Wengine hudai kwamba mifugo ni kazi ya idara nyingine. Tanzania ina uratibu wa Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na wazo lake ni zuri. Lakini katika kata nyingi tabibu na mganga wa mifugo hawana hata namba ya simu ya mwenzake. Tabibu akiona mistari ile mguuni, ampigie mwenzake kuhusu mbwa. Naye mganga wa mifugo akikuta matumbo yaliyovimba ya watoto wa mbwa, aulize ni watoto wangapi wa binadamu wanaocheza uani hapo, na wana umri gani.