Mbwa Tunayemwita Shenzi

Vijana wengi wa Lilongwe wakishapata kazi na kupanga fleti, hawachelewi kuulizana: nifuge mbwa wa mbegu gani? Swali hilo limefika hata kwetu Dzaleka, ambako picha za mbwa wanaouzwa hupita kwenye simu kutoka kikundi hadi kikundi. Majibu huwa yale yale. German Shepherd, kwa sababu anatisha. Rottweiler, kwa sababu ana kifua. Haski, kwa macho yake ya buluu. Buldogi wa Kifaransa, kwa kuwa ni mdogo na wasanii wanapiga naye picha. Mbwa aliyelala chini ya meza ya muuza nyanya sokoni Mitundu hatajwi kabisa. Akitajwa, anaitwa mbwa shenzi au mbwa koko, na mazungumzo yanaishia hapo.

Katika insha hii ninadai kwamba mbwa huyo asiyetajwa ndiye anayefaa nyumba ndogo yenye joto, na kwamba kinachotuzuia kumwona ni neno. Sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kulishughulikia neno hilo, maana limetoka kinywani mwa lugha yetu.

Nianze na joto. Lilongwe iko juu, kama mita 1,050 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai tunatafuta blanketi la pili. Lakini kuanzia Septemba hadi mvua zinaponyesha, na hasa Oktoba, jua hupiga mabati na zege mchana kutwa, na usiku kuta hurudisha joto lile ndani. Umeme ukikatika, feni inasimama. Dzaleka hatuna maghorofa, lakini kambi yetu ni kama jengo la fleti lililolazwa chini. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hivi. Leo inao zaidi ya 50,000. Chumba kinapakana na chumba, na kikohozi cha jirani unakisikia kama chako. Kwa hiyo anayetafuta mbwa wa fleti mjini na anayetafuta mbwa wa Dzaleka wanatafuta mbwa mmoja: asiyezidiwa na joto, asiyehitaji uwanja, asiyekula kuliko watoto wa nyumba.

Tuutazame basi mwili wa mbwa. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Ana tezi chache tu za jasho kwenye nyayo. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likipita 41 maisha yake yako hatarini. Anajipoza kwa kuhema. Hewa hupita puani na juu ya ulimi wenye unyevu, unyevu unakauka, na damu inayopita hapo inapoa. Hivyo pua ndefu ni mtambo wa kupoza mwili. Buldogi na wenzake wenye uso bapa wamezalishwa kizazi baada ya kizazi ili uso ufupike, na njia ya hewa imebanwa humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutokana na kumbukumbu za kliniki za wanyama nchini Uingereza uliwataja buldogi, buldogi wa Kifaransa na chow chow miongoni mwa mbwa wanaougua zaidi kwa joto. Hiyo ni Uingereza, nchi ya mawingu. Mashirika mengi ya ndege hukataa kuwabeba mbwa wa namna hiyo kwa kuogopa wafie njiani. Hata hivyo, mwaka 2022 buldogi wa Kifaransa ndiye aliyeongoza kwa kusajiliwa na chama kikubwa cha mbwa Marekani. Wingi wa wapenzi wake haumfungulii pua.

Haski naye ana tabaka mbili za manyoya, kwa sababu kazi ya wazazi wake ilikuwa kuvuta magari ya theluji Siberia. German Shepherd ana manyoya mazito, aweza kufika kilo 40, na amezalishwa kwa ajili ya kazi. Ukimfungia katika vyumba viwili kutwa nzima bila kazi, atajitafutia kazi ya kung'oa mlango. Halafu kuna chakula. Katika kambi ambayo posho ya mwezi huisha kabla ya mwezi, mtu anayefuga mbwa wa kilo 40 lazima amnyime mtu chakula au amnyime mbwa. Mara nyingi huanza na mbwa, ndiyo maana tunaona majitu yenye mbavu za kuhesabika yakiwa yamefungwa minyororo.

Sasa mlinganishe na mbwa wa kienyeji, ambaye wenyeji wetu Wamalawi wanamwita galu tu bila kuongeza tusi. Pua ndefu. Manyoya mafupi. Mwili mwembamba juu ya miguu mirefu, na wengi hawafiki kilo 20. Mwili wa namna hiyo hupoteza joto upesi. Mchana analala kivulini, jioni anaamka na kuzunguka. Anakula nsima iliyobaki na vichwa vya usipa. Hakuna chama kilichokaa kikachagua umbo lake. Jua, minyoo na njaa vilichagua kwa muda mrefu sana, na waliobaki ndio hawa. Mtu akiniuliza mbegu inayofaa nchi yenye joto, sioni kwa nini nimtafutie Ulaya.

Kwa nini basi tunamtafuta Ulaya? Hapa ndipo nalirudia neno. Waungwana wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, yaani wasiostaarabika. Misafara ya karne ya 19 ilipopita Tabora na Ujiji ikavuka ziwa kuingia Kongo, neno lilisafiri pamoja na nguo na bunduki. Mababu zetu wa Uvira, Fizi na Kasongo waliitwa hivyo na wageni wao. Wabelgiji walipotawala, walilikuta neno hilo katika lugha za Kongo likiwa limegeuka kuwa basenji, nao wakalitumia kwa wanakijiji waliowadharau. Mbwa wa wanakijiji hao akawa mbwa wa basenji, mbwa wa washenzi. Kenya nako walowezi waliwaita mbwa wa Waafrika jina hilo hilo, shenzi.

Angalia yaliyofuata. Waingereza walimpenda yule mbwa wa Kongo, mdogo, mwenye masikio yaliyosimama, asiyebweka kama wengine. Wawili walioneshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Mwaka 1937 wengine walifika hapo hapo Crufts, na watu wakajazana kuwatazama. Mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kiliwaandika kama mbegu kamili kwa jina la Basenji. Kwa hiyo huko ng'ambo Basenji ni mbwa wa fahari mwenye hati ya ukoo, na huku kwetu ndugu zake wanapigwa mawe kwa jina hilo hilo.

Hadithi haikuishia hapo. Basenji wa ng'ambo walitokana na mbwa wachache mno, wakaanza kuandamwa na maradhi ya kurithi ya damu na ya figo. Wafugaji wa Marekani walifanya nini? Mwishoni mwa miaka ya 1980 walifunga safari hadi Zaire, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wasio na hati yoyote ili kuiokoa mbegu yao, na mwaka 1990 chama kikafungua kitabu chake kuwapokea. Hati ziliposhindwa, walirudi kwa mbwa wa kijijini. Naomba wanaotuambia kwamba mbegu safi ndiyo afya wanieleze safari hiyo ilikuwa ya nini.

Nieleweke vizuri: simwambii mtu akanunue Basenji. Ni ghali, ana nguvu nyingi, na akichoshwa na upweke hutafuna viatu. Ninamtaja kwa sababu historia yake inaonesha kwamba neno shenzi halijawahi kueleza mwili wa mbwa. Lilieleza dharau ya msemaji kwa mwenye mbwa. Sisi tulioishi kambini tunaijua dharau hiyo. Tumeshaulizwa karatasi kabla ya kuulizwa jina. Simfananishi mtu na mbwa. Ninayafananisha macho yanayotazama.

Kuna pingamizi tatu ambazo huwa nazisikia, na zinastahili majibu.

La kwanza ni ulinzi. Wanasema mbwa wa kienyeji hatishi mwizi. Katika fleti au kambini, kazi ya mbwa ni kukuamsha, si kumla mtu. Penye watoto wengi wanaopita mlangoni, mbwa wa kumrarua mwizi atamrarua kwanza mtoto wa jirani. Masikio ya galu yanatosha.

La pili ni kichaa cha mbwa, nalo ni zito. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemewa. Lakini virusi havisomi hati ya ukoo: Rottweiler asiyechanjwa na galu asiyechanjwa ni hatari moja. Shirika la Afya Duniani linasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa, tunaweza kuukata mnyororo wa maambukizi. Blantyre, mwezi Mei 2015, shirika la Mission Rabies lilichanja mbwa zaidi ya 35,000 ndani ya siku 20 za kazi. Wengi wao walikuwa mbwa hawa hawa wa kienyeji. Mbwa wasingefikia idadi hiyo kama wote wangekuwa koko wasio na wenyewe. Wana wenyewe. Wanachokosa ni chanjo inayowafikia karibu. Lilongwe kuna LSPCA inayofanya kazi ya kutetea na kutibu wanyama. Nguvu tunazotumia kutafuta haski tungezitumia kuomba siku za chanjo Mitundu na Dzaleka. Na kila mtoto afundishwe kwamba akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu ni la dini na ujirani. Watu wa pwani husema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Tuna majirani Waislamu, na wengi wao hufuata mafundisho kwamba mate ya mbwa ni najisi. Heshima kwao ni kumzuia mbwa asiguse vyombo, mikeka na njia ya mtu aliyetawadha. Hilo ni jukumu la mwenye mbwa, na ni jukumu lile lile awe na buldogi au galu. Tena mbwa mwepesi wa kilo 15 huzuilika kwa kamba kuliko jitu la kilo 40.

Limebaki neno koko. Koko si mbegu. Ni mbwa ambaye mtu wake ameondoka, au hakuwahi kuwa na mtu. Dzaleka tunalijua hili kuliko wengi. Familia hupata nafasi ya kwenda kuishi ng'ambo, ndege inapangwa, na mbwa anabaki amekaa mbele ya mlango ambao sasa una watu wengine. Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurudi kambini, na anayehamishwa kwa amri hachukui kila kitu. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa fleti au wa kambi lingekuwa hili: nikiondoka, nani atamchukua? Asiye na jibu asifuge mbwa wa mbegu yoyote. Mwenye jibu amchukue mtoto wa galu, ampeleke chanjo, amfunge uzazi, ampe maji na kivuli, na ampe jina.

Kwa wenzangu wanafunzi na kwa walimu wetu nina ombi moja la kazi. Tunapotunga sentensi za mifano, tunapofasiri, tunapoandika hadithi, tumwite mbwa wa kienyeji au mbwa wa hapa. Neno shenzi tuliache kwenye somo la historia ya lugha, mahali pa kuchunguzwa. Mtu akisikia "mbwa shenzi" ananyoosha mkono kuokota jiwe, na mbwa anayepigwa mawe hujifunza kuuma. Siku atakapomuuma mtoto, tutasema tulijua tangu mwanzo kwamba ni shenzi.