Mkeka wa Bibi nyuma ya mlango



Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Kila ikifika, namkumbuka bibi mmoja wa Mikindani, mji mdogo wa kale jirani na Mtwara.

Bibi hakuzaliwa Mikindani. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, alivuka Ruvuma usiku, mtoto mgongoni. Aliyempokea alikuwa mama wa Kiislamu, akamtandikia mkeka na kumpa uji wa muhogo. Tangu hapo Bibi hakukosa mkeka wa akiba nyuma ya mlango wake. Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kando ya Ruvuma kiliposhambuliwa na watu wakakimbia, mkeka ule ulilaliwa na mama mwingine na watoto wake. Nilipompongeza alicheka: "Baba Padri, mimi nalipa deni tu. Aliyenikopesha ameshakufa, basi nawalipa wanaokuja."

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Alilea wajukuu saba kwa korosho chache na pweza aliowachokoa maji yakipwa. Kila jioni, kabla ya kula, aliwasalisha. Mtume Paulo, katika barua yake ya pili kwa Timotheo, anakumbusha kwamba imani ya kijana yule ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi. Parokia zetu zina akina Loisi wengi, ila majina yao hayamo katika orodha ya viongozi.

Sasa niungame. Miguu ilipomshinda, Bibi alituma mjukuu kuniomba nimpelekee Komunyo Takatifu. Nikajibu, "Mwambie Ijumaa ya kwanza." Ijumaa hiyo nilikuwa na kikao cha ujenzi. Iliyofuata nilikuwa safarini. Ya tatu ilipokaribia, nikaitwa kwenda kumzika.

Msiba ulikuwa mkubwa. Kulikuwa na maturubai, jeneza la gharama na fulana zenye picha yake. Majirani Waislamu walipika usiku kucha. Mjukuu mmoja, ambaye hakuwa amekanyaga pale kwa miaka minne, alilia akishika jeneza alilolinunua yeye. Nilitaka kumhubiria. Nikakumbuka zile Ijumaa mbili, nikanyamaza. Tulikuwa na deni moja, mimi na yeye.

Yoshua bin Sira, sura ya tatu, anatuagiza tuwasaidie wazazi wetu katika uzee wao, hata akili zikiwapungua. Anazungumzia watu walio hai. Marehemu tunamwombea, na ni wajibu wetu. Lakini jeneza zuri halimwondolei mzee upweke alioishi nao.

Ndugu yangu, leo ukitoka kanisani, kabla ya chakula, mpigie bibi yako. Kama yuko karibu, nenda ukaketi naye. Kama ametangulia, jirani yako ana mama asiyetembelewa. Deni la Bibi hulipwa hivyo. Nasi mapadri, tufungue daftari la wagonjwa kabla ya daftari la ujenzi.

Mkeka ule nilipewa na wajukuu. Uko nyuma ya mlango wangu.

Jumapili njema.