Zabibu za Stellenbosch: tuulize zinalipa nini



Siku hizi kwenye harusi za miji yetu, meza ya maarusi haikosi chupa ya divai, na mara nyingi karatasi iliyobandikwa juu yake inasema imetoka Afrika Kusini. Juma hili tuifuate chupa hiyo mpaka kwao. Tunaenda Stellenbosch, mji ulio karibu kilometa 50 kutoka Cape Town, kati ya milima na mashamba ya mizabibu. Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kutembezwa pale. Nasi tutembee, lakini kwa macho ya wamama: tuulize zabibu hizi zinamlipa nani, na zinamlipa nini.

Matembezi yenyewe

Divai si kitu kipya kule. Tarehe 2 Februari 1659, Jan van Riebeeck, mkubwa wa Waholanzi waliofika Cape, aliandika katika daftari lake kwamba siku hiyo zabibu za pale zimekamuliwa divai kwa mara ya kwanza. Stellenbosch ulianzishwa miaka 20 baadaye, mwaka 1679. Lakini kuwatembeza wageni kulianza mwaka 1971. Wakulima watatu, Frans Malan, Niel Joubert na Spatz Sperling, walifungua «njia ya divai»: mgeni anapita shamba hadi shamba, anaonyeshwa kazi, anaonja, kiisha ananunua. Wazo lilitoka Ufaransa, katika jimbo la Burgundy. Leo hata kule Franschhoek, bonde la jirani, kuna tramu inayowazungusha wageni kati ya mashamba.

Kiongozi wa matembezi anaanzia kwenye mizabibu. Mavuno yanafanyika kati ya Januari na Aprili. Mashamba mengi yanavuna alfajiri au hata usiku, kwa sababu zabibu zikipata joto zinaharibika upesi. Kutoka hapo mnaingia katika nyumba ya kukamulia. Mama anayejua kutengeneza kasiksi ataelewa pasipo kufafanuliwa: maji matamu ya tunda yanachacha, sukari inageuka pombe. Jambo moja linashangaza wengi: zabibu nyeusi ukiikamua, maji yake ni karibu meupe. Wekundu wa divai unatoka kwenye ganda, ndiyo maana maganda yanaachwa ndani wakati wa kuchacha. Divai nyingine zinalazwa katika mapipa ya mbao za mwaloni, pipa la kawaida likichukua litra 225. Hapo mtaonyeshwa pia divai ya Pinotage, inayotoka katika mzabibu uliozaliwa palepale Stellenbosch mwaka 1925, mwalimu wa chuo kikuu Abraham Perold alipochanganya aina mbili za mizabibu.

Mwisho ni kuonja. Mgeni anapewa kidogo katika glasi. Anatazama rangi, ananusa, anaonja, na wale wanaojua kazi hiyo wanatema katika chombo kilichowekwa mezani. Tulishike jambo hilo: mtaalamu wa divai anaitema, ili akili yake ibaki safi mpaka glasi ya mwisho.

Mshahara wa kikombe

Sasa tuulize: je, wale waliolima mizabibu hiyo, waliitema?

Kazi ya mashamba ya Cape ilifanywa kwanza na watumwa. Waliletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Asia, wakafanya kazi pamoja na Wakhoikhoi, wenyeji wa pale. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, lakini watumwa walilazimishwa kukaa kwa mabwana wao mpaka mwaka 1838. Baada ya hapo, wenye mashamba waliendelea kuwafunga watu kwa namna nyingine. Sehemu ya mshahara ilitolewa kwa divai. Mfanyakazi alipewa kikombe asubuhi, kingine katikati ya kazi, na kingine jioni. Divai hiyo haikuwa ile ya kuuzwa, ilikuwa ya chini. Mpango huo uliitwa «dop».

Sheria iliukataza katika miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliendelea nao miaka mingi baada ya hapo. Na hata kikombe kilipoondoka shambani, kiu yake ilibaki nyumbani. Wazazi walikuwa wamezoeshwa tangu ujana, na watoto walikua wakiona kwamba mwisho wa kazi ni kulewa.

Franka nazo zilikuwa chache. Mwisho wa mwaka 2012, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu kule De Doorns, katika jimbo lilelile, waligoma. Mshahara wa chini ulikuwa randi 69 kwa siku. Mwaka 2013 serikali iliupandisha hadi randi 105.

Mtoto darasani

Hapa tunafika kwenye jambo linalotugusa sisi wamama na sisi walimu. Afrika Kusini inahesabiwa kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani walioharibiwa na pombe wakiwa tumboni, na sehemu za mizabibu za Cape ni kati ya zile zilizoumia zaidi.

Mama mwenye mimba akinywa, pombe inapita katika damu yake mpaka kwa mtoto. Ini la mtoto halijaweza kuivunja. Ubongo unajengwa miezi yote tisa, kwa hiyo hakuna mwezi ambao pombe haina hatari. Watoto wengine wanazaliwa wadogo, na alama katika uso. Wengine wanaonekana wazima kabisa, na shida inatokea masomoni: leo anajua kusoma neno, kesho limepotea, hesabu hazishikiki, hatulii, hafahamu kwamba kosa la jana ndilo kosa la leo. Anapigwa, anaitwa mvivu, kumbe ubongo wake ulijeruhiwa mbele ya kuzaliwa. Si kila mtoto anayeshindwa masomo ana ugonjwa huu, tusimnyoshee mama yeyote kidole. Lakini ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Una kinga tu, na kinga yake ni kutokunywa.

Waganga hawakujua hilo siku zote. Mwaka 1968, mganga wa watoto wa Nantes, Ufaransa, jina lake Paul Lemoine, aliandika juu ya watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Wachache walimsikiliza. Leo hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mwenye mimba, na tangu mwaka 2007 kila chupa ya pombe inayouzwa Ufaransa lazima iwe na alama au maneno ya kuwaonya wenye mimba. Siku moja geuzeni chupa ya divai mtazame nyuma. Mkiona picha ndogo ya mwanamke mwenye tumbo, imepigwa mstari, ndiyo hiyo.

Binti wa Mahlabathini

Zabibu zilezile zilimlipa mtu mwingine kitu kingine. Ntsiki Biyela alizaliwa Mahlabathini, kijiji cha KwaZulu-Natal, mbali na mizabibu, akalelewa na nyanya yake. Alipomaliza masomo ya sekondari hakuwa na franka za kuendelea, akafanya kazi za nyumbani kwa watu. Kiisha akapata msaada wa kulipiwa masomo, sharti akasomee kutengeneza divai Stellenbosch. Alikuwa hajaonja divai hata siku moja, na masomo mengi yalitolewa kwa Kiafrikana, lugha asiyoijua. Alianza mwaka 1999, akamaliza, na mwaka 2004 akawa mtengenezaji wa divai, mwanamke mweusi wa kwanza katika kazi hiyo Afrika Kusini. Mwaka 2016 akaanzisha divai yake mwenyewe. Aliiita Aslina, jina la nyanya aliyemlea.

Mmoja alilipwa kikombe, mtoto wake akarithi ugonjwa. Mwingine alilipiwa masomo, na jina la nyanya yake linasomwa kwenye chupa ulimwenguni. Mzabibu ni uleule. Tofauti ni malipo ambayo watu waliamua kutoa.

Na kwetu?

Pombe imelipia watoto wengi masomo hapa kwetu. Wamama wanaotengeneza kasiksi na wanaouza bia wanajua, hatuwalaumu. Tunawaomba tu: anayekuchotea maji, anayekubebea mzigo, anayekulimia, mlipe franka au chakula. Usimlipe kikombe. Na kijana asipewe «kidogo cha kupunguza uchovu».

Kwa mwenye mimba, iwe kasiksi, bia, divai au pombe kali, jibu ni moja: hapana, tangu mwanzo mpaka kuzaa. Anayetafuta mimba aache mbele, kwa sababu majuma ya kwanza wengi hatujui kwamba tumeshika. Wale wanaosema bia inaongeza maziwa, wanakosea: pombe inapunguza maziwa yanayotoka, tena inapita ndani yake. Kinachosaidia ni kumnyonyesha mtoto mara nyingi, maji, uji, maharagi, lengalenga na sombe.

Kama umeshakunywa na mimba ipo, usikate tamaa. Kuacha leo kunamsaidia mtoto hata kama ni mwezi wa saba. Sema ukweli kwa muuguzi siku ya CPN. Na anayekunywa kila siku asiache peke yake kwa ghafla, mwili unaweza kushtuka vibaya. Aende senta ya afya asaidiwe.

Mabwana na mama wakwe nao wahesabiwe hapa. Mwanamke hakatai glasi kwa urahisi mbele ya ukoo wote. Sikukuu ya ubatizo au harusi ikipangwa, maji ya maracuja, ya nanasi na tangawizi yawe mezani tangu mwanzo, na asiwepo wa kumuuliza mama kwa nini hanywi.

Kwa mkutano wenu wa juma hili, mbele ya kupokezana likelemba, kila mmoja ajibu swali hili: katika kazi yangu, watu wanaonisaidia nawalipa nini, na mtoto wangu anakula nini kutoka katika malipo yangu?

Tubaki na amani. Juma lijalo, Mungu akipenda.