Kifaru cha plastiki cha T-55: kazi nzuri ya mikono, lakini si zawadi ya kila mtoto

Kuna zawadi ambayo ndugu walioko Ulaya wanaweza kuweka katika mizigo ya kutuma Goma bila kufikiri mara mbili: sanduku lenye picha ya kifaru cha vita. Ukilifungua hukuti kifaru kilichokamilika. Unakuta vipande vya plastiki vya kukata, kusafisha na kuunganisha kwa gundi, pamoja na karatasi ya maelekezo. Katika nchi nyingi huo ni mchezo wa watu wazima wenye subira. Lakini katika familia iliyokimbia vita, sanduku hilo linaleta swali: je, ni kitu kizuri, na kipewe nani?

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni T-55A ya kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka nchini Japani. Modeli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 2002, nayo inaonyesha kifaru cha Kisovieti ambacho aina yake iliingia jeshini mwaka 1958. Ukoo wa T-54 na T-55 huhesabiwa kuwa vifaru vilivyotengenezwa kwa wingi kuliko vingine vyote duniani. Vilifika Afrika pia: Angola, Ethiopia, Uganda, Sudan na Congo.

Kipimo chake ni 1/35, maana yake kila sentimita 1 ya plastiki inasimama badala ya sentimita 35 za chuma. Kifaru chenyewe kina urefu wa mita 9 hivi ukihesabu na mzinga. Kwenye meza kinakuwa na sentimita 26 tu. Kimo chake cha mita 2.4 kinakuwa sentimita 7. Mtu mzima akisimama kando yake angekuwa na sentimita 5, kama kidole gumba. Kipimo hicho hakikutoka kwa wanajeshi. Tamiya ilipotengeneza kifaru chake cha kwanza cha plastiki mwaka 1961, ilitaka kiwe na mota ndani. Ukubwa ulichaguliwa ili betri zienee, na hesabu ikaangukia karibu na 1/35. Kampuni nyingine zikafuata.

Kwa upande wa sura, kazi hii inastahili sifa. T-55 ina magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi kubwa kuliko kati ya mengine. Ndiyo alama ambayo mtu anaitambulia hata kwa mbali, nayo imewekwa inavyotakiwa. Kichwa chake cha mviringo, kinachofanana na bakuli lililofunikwa, nacho kimetoka vizuri. Vipande vinaingiana bila kulazimishwa, na anayefuata namba za maelekezo hapotei njia.

Kasoro hazikosekani. Ya kwanza ni mnyororo. Katika kifaru cha kweli hakuna magurudumu madogo ya kubeba mnyororo kwa juu. Unalala juu ya magurudumu makubwa na kulegea kidogo kwa uzito wake. Wa sandukuni ni mkanda laini unaopenda kukaa umenyooka, kwa hiyo fundi lazima auvute chini kwa uzi au gundi, la sivyo kifaru kitaonekana chepesi kama kopo. Ya pili ni kwamba ndani ni tupu. Ukifunga kifuniko cha juu, umefunga boksi lisilo na kitu.

Kasoro hiyo ya pili si ndogo. Ndani ya T-55 wanakaa watu wanne: dereva, kamanda, mpiga shabaha na yule anayepakia risasi za mzinga wa milimita 100. Wanabanana katika joto na kelele, karibu na mafuta na risasi. Kampuni ya MiniArt, ya mji wa Kyiv nchini Ukraine, inauza T-55A nyingine yenye viti, injini na risasi zilizopangwa ndani. Hiyo ina vipande vingi mno, haimfai anayeanza. Hata hivyo inafundisha jambo ambalo ile ya Japani inaficha: ndani ya chuma mna watu, na chuma kikiungua wanaungua nao.

Na kuna jambo ambalo hakuna kampuni iliyoweza kulitia sandukuni, nalo ni uzito. T-55 ina tani 36. Lakini ukipunguza urefu, upana na kimo mara 35 kila kimoja, uzito unapungua karibu mara 43,000. Hata modeli hiyo ingetengenezwa kwa chuma kilekile, isingefika kilo 1. Mtoto anaibeba kwa mkono mmoja. Kifaru cha kweli kikipita katika shamba la maharagwe, hakuna anayeuliza mwenye shamba.

Wakaaji wa kaskazini mwa Goma hawahitaji kuelezwa hayo. Mwaka 2013, wakati wa mapigano kati ya jeshi la serikali na M23, vifaru vya aina hii vilionekana katika barabara ya Kanyaruchinya na Kibati. Kuna vijana ambao wakati ule walikuwa wadogo, wamefungwa mgongoni au wakishika kitambaa cha mama. Kwao umbo hilo si historia ya Wasovieti, ni siku ya kukimbia.

Ndiyo maana wazazi wengine husema vitu kama hivyo vichomwe moto tu. Sababu wanayo. Congo ndiyo nchi iliyoona neno kadogo, jina la kupendeza la mtoto mdogo, likiwa jina la mtoto mwenye bunduki katika vita vya 1996 na 1997. Mzazi anayeogopa mwanawe kuzoea silaha haogopi kivuli.

Lakini kuchoma plastiki hakuondoi vita katika kichwa cha mtoto. Aliyekimbia risasi hucheza vita hata asiponunuliwa kitu, kijiti kinamtosha. Hatari iliyo karibu zaidi iko mahali pengine, na wanaojadili michezo ya watoto mara nyingi wanaisahau. Modeli hii inafundisha vidole kuokota vipande vidogo vya silaha, kuvigeuza, kuvifungua na kuvipenda. Katika mashamba ya Masisi na Rutshuru, ambako vita vimepita zaidi ya mara moja, kipande cha chuma chenye rangi ya kijani kinaweza kuwa bomu ambalo halijalipuka. Na watoto wanaokusanya vyuma chakavu ili wauze wanatafuta kitu kama hicho hasa.

Kwa hiyo mtu mzima anayetoa zawadi hii ana deni la kuongeza yale ambayo sanduku halina. Mtoto aambiwe, tena aambiwe mara nyingi: kitu cha vita kinachookotwa nje si cha kuchezea hata kidogo. Ukikiona, simama. Usikiguse, usikitupie jiwe, usimwite mwenzako aje kutazama. Rudi kwa njia ileile uliyojia, uwaonye wengine, umjulishe mtu mzima, naye apeleke habari kwa chifu au kwa watu wanaoondoa mabomu. Familia zinazojiandaa kurudi kijijini zinahitaji maneno hayo kuliko zawadi yoyote.

Je, T-55 ya Tamiya inamfaa nani? Inamfaa mtu mzima au kijana wa sekondari anayependa ufundi, mwenye meza, mwanga na dirisha lililo wazi, kwa sababu gundi yake ina harufu kali na kisu chake kinakata. Atajifunza kusoma mchoro, kupima na kungoja rangi ikauke. Haimfai mtoto mdogo, haifai ndani ya hema, na haimfai kabisa yule anayeshtuka kila mlango ukigongwa. Tena bei yake ni makumi ya dola. Shangazi anayetaka kutuma kitu kwa familia iliyo ugenini aulize kwanza kama unga upo.

Kwa anayetaka watoto wajifunze kipimo, Goma ina shule yake bila sanduku. Watoto wamezoea kutengeneza magari ya waya na chukudu ndogo za mbao. Chukudu ya kweli ya mita 2, ikipimwa kwa 1/10, inakuwa na sentimita 20. Mti wa karatusi upo, kipande cha mpira wa gurudumu kipo, na mafundi wa kuonyesha njia wapo barabarani kila asubuhi, wakishuka na viazi na makaa. Hesabu ni ileile ya Shizuoka: pima, gawanya, kata, unganisha.

Mji huu ulipojisimamishia sanamu kubwa mwaka 2009, haukuweka kifaru katikati ya barabara. Uliweka chukudu na mtu anayeisukuma. Mtoto aanze na hiyo. T-55 inaweza kungoja mpaka awe na umri wa kuuliza nani alikuwa ndani yake, na nani alikuwa mbele yake.