Mwanakondoo Hulishwa Kabla Hajazaliwa

Geita inajulikana kwa dhahabu. Machimbo yake ya kwanza makubwa yalianza katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, yakafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na mkoa wenyewe ukaundwa mwaka 2012. Hata hivyo, nyuma ya habari za dhahabu ziko kaya nyingi ambazo akiba yake ya kweli hulala zizini. Shamba la mahindi, mihogo na viazi, pamba kidogo, na kundi dogo la kondoo na mbuzi: huo ndio uchumi wa mkulima mdogo kuanzia Nyang'hwale hadi Bukombe. Mtoto akiugua usiku, kondoo mmoja huuzwa asubuhi. Sare za shule zikihitajika, kondoo mwingine hufuata. Kwa hiyo kila mwanakondoo anayekufa kabla ya kuachishwa kunyonya ni akiba iliyopotea kabla haijaandikwa mahali popote.

Hapo ndipo penye tatizo. Mifugo inapohesabiwa kijijini, wanaohesabiwa ni walio hai. Mwanakondoo aliyezaliwa Jumatatu akafa Alhamisi hana safu yake katika daftari, wala hakuna anayeulizwa alikufaje. Nyumbani husemwa kwamba ni baridi, au ni jicho baya, au ni bahati tu. Mara nyingi jibu sahihi ni fupi zaidi: alikufa kwa njaa. Na njaa hiyo haikuanza siku aliyozaliwa.

Saa za Kwanza

Mwanakondoo huzaliwa bila kinga ya maradhi katika damu yake. Kinga hiyo huipata katika dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo. Tumbo lake huweza kuipitisha kinga hiyo hadi kwenye damu kwa muda mfupi tu. Uwezo huo hupungua kila saa inayopita, na baada ya siku moja huwa umekwisha. Kwa hesabu ya wataalamu, kila kilo moja ya uzito wa mwanakondoo huhitaji mililita 50 za dang'a katika saa mbili za mwanzo, na mililita 200 katika siku nzima ya kwanza. Mwanakondoo wa kilo mbili na nusu, basi, anahitaji nusu lita kabla ya saa 24 kutimia.

Kazi ya mfugaji katika saa hizo haihitaji fedha. Inamtaka aamke, akamue tone moja moja katika kila chuchu ili kuizibua, na ahakikishe kwamba mtoto amesimama na kunyonya. Mila ya kumwaga dang'a kwa kudhani kwamba ni maziwa machafu, popote inapokutwa, haina budi kuachwa. Mama akifa au akikataa mtoto, dang'a ya kondoo mwingine aliyezaa siku hiyo, au ya mbuzi, au hata ya ng'ombe, itamfaa. Baadaye maziwa ya kawaida ya mbuzi au ng'ombe yatamkuza, mradi yawe na joto la mwili, yatolewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na chupa ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Aidha, anyweshwe akiwa amesimama, shingo ikiwa katika hali yake ya kawaida; akilazwa chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yataweza kuingia mapafuni.

Ni wazi kwamba kazi hizi hufanywa na akina mama na watoto, kwa kuwa ndio walio karibu na zizi. Lakini uamuzi wa kuuza, wa kununua chumvi na wa kutenga malisho huwa mikononi mwa baba, ambaye huenda yuko kwenye mashimo ya dhahabu Rwamgasa au Nyarugusu. Mwenye kujua hana uamuzi, na mwenye uamuzi hajui. Kaya isiyozungumza juu ya jambo hili itaendelea kuzika wanakondoo.

Kalenda na Ngitili

Dang'a haitoki mahali pasipo na kitu. Kondoo hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto hujengeka katika wiki sita za mwisho. Mama aliyekonda katika wiki hizo huzaa mtoto dhaifu, na kiwele chake huwa kitupu. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba mwanakondoo hulishwa kabla hajazaliwa.

Katika sehemu hizo za nchi mvua huanza kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba, na kiangazi hukaa Juni hadi Septemba. Dume linaloachwa kundini mwaka mzima hupanda Februari, na mtoto huzaliwa Julai, nyasi zinapokauka. Likitengwa na kuingizwa kundini mwezi Juni, watoto watazaliwa Novemba, na mama atapata majani mabichi ya kutengeneza maziwa. Lakini hesabu hiyo ina mtego wake: zile wiki sita za mwisho za mimba zitaangukia Septemba na Oktoba, wakati nyika imekwisha kabisa. Kalenda peke yake, basi, haitoshi. Panahitajika akiba ya malisho.

Wasukuma walilijua jibu la mtego huo zamani. Waliliita ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, kwa ajili ya ndama, wanyama wadogo na wagonjwa. Mfumo huo ulidhoofika sana, na moja ya sababu zake lazima isemwe waziwazi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ililenga kuwasogeza wananchi karibu na shule, zahanati na maji. Lakini watu walipohama makwao, ngitili zao zilibaki nyuma bila mwenyewe wa kuzilinda. Kufikia mwaka 1986, ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, zilizokuwa zikijulikana zilikuwa na jumla ya hekta zipatazo 600 tu. Mradi huo haukuleta ujuzi mgeni. Uliwarudishia wananchi ujuzi wao wenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Wilaya za Bukombe na Mbogwe, ambazo leo zimo Geita, zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga wakati huo. Somo hilo, kwa hiyo, si la majirani tu. Ni la Geita yenyewe.

Mkulima mwenye kondoo kumi hahitaji mamia ya hekta. Kipande kidogo kilichofungwa, pamoja na marando ya viazi yaliyoanikwa kivulini baada ya mavuno, kitawavusha kondoo wenye mimba hadi mvua ya kwanza.

Tahadhari ya Kihori

Kuanzia wiki ya pili mwanakondoo huanza kudonoa majani, na huo ndio mwanzo wa kukua kwa tumbo lake la kucheulia. Inafaa atengewe kona yenye mlango mwembamba ambao mama hawezi kupita, na humo awekewe marando laini, pumba kidogo za mahindi na maji safi. Akilishwa hivyo, ataweza kuachishwa kunyonya akiwa na miezi mitatu bila kudhoofika.

Lakini si kila kilicho karibu kinafaa. Mashudu ya pamba, yanayopatikana kwa wingi katika kanda hii, humfaa kondoo mzima kwa kiasi. Yana sumu ambayo tumbo la mwanakondoo haliwezi kuizimua. Majani ya muhogo mchungu yakaushwe kwanza. Chakula cha kuku au nguruwe kisiwekwe katika kihori cha kondoo, kwani huweza kuwa na madini ya shaba kwa kiasi ambacho mwili wa kondoo hauwezi kukivumilia. Na maji ya madimbwi ya kuoshea mawe ya dhahabu, yenye zebaki au sianidi, yasinywewe na mnyama yeyote.

Wajibu wa Msomi

Watumishi wa umma na walimu wengi wana kondoo wao vijijini, wamewaacha kwa ndugu au kwa kijana wa kuajiriwa. Mara nyingi humpigia simu kuuliza wamebaki wangapi. Swali hilo haliongezi kondoo hata mmoja. Swali lenye faida huulizwa mwezi Mei: je, dume limetengwa, na ni malisho gani yamewekwa kwa ajili ya Septemba? Afisa mifugo naye, anapozuru kijiji, aulize waliozaliwa ni wangapi na waliofikisha miezi mitatu ni wangapi, kisha aandike majibu yote mawili. Mwalimu mwenye shamba la shule anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kufunga ngitili ndogo kwa gharama ya miiba na nidhamu, kwani wanafunzi hao ndio wachungaji wa jioni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dhahabu ikichimbwa hairudi shimoni. Kondoo aliyelishwa vema huzaa tena mwaka unaofuata, katika zizi lile lile, kwa yeyote aliyekumbuka kumwekea majani.