Nani Aliwauliza Wenye Shamba?

Kila mara mashini mpya ao mbegu mpya inapofika, tunasikia maneno haya: «Shauri hili ni la wenye elimu, watu wa shamba hawawezi kulijua.» Ndugu wasomaji, maneno hayo ni ya uvivu. Na mara nyingi ni ya ujanja: anayeyasema anataka kuuza vitu vyake pasipo kuulizwa neno.

Tazameni Sikasso, katika inchi ya Mali, kunakolimwa pamba nyingi. Mwezi wa kwanza 2006 walimaji 45, wanaume kwa wanawake, waliitwa kukaa siku tano kama baraza la hukumu. Shauri lenyewe: mbegu za pamba zilizogeuzwa na wenye elimu ili zijikinge na wadudu, zinafaa ao hazifai? Wakasikia mashahidi wa kuzisifu na wa kuzikataa, hata walimaji wa inchi nyingine. Wakauliza wee, kisha wakakata shauri: hatuzitaki; tusaidiwe kutunza mbegu zetu.

Jirani yao, Burkina Faso, akazipanda kwa wingi toka 2008. Wadudu walipungua, nakubali, na walimaji wengi walifurahi. Lakini nyuzi za pamba zikawa fupi, wanunuzi wakanung'unika, na 2016 makampuni ya pamba yakaziacha. Sisemi watu wa Sikasso walitabiri nyuzi fupi, hapana. Ila wao walisikilizwa mbele ya kupanda.

Na sisi Wakongo? Tarehe 30 mwezi wa 12, 2018, tulichagua wakubwa wetu kwa mashini ya kugusa kwa kidole. Wazee ambao toka kuzaliwa hawajagusa kioo cha namna ile walihitaji mtu wa kuwasaidia. Basi siri ya kura iko wapi? Tulifundishwa namna ya kugusa, ndiyo. Lakini nani, mbele ya kununua, aliketi na mama mzee wa kijiji akamwuliza kama ataiweza? Watu wakaipa mashini jina kwa kifaransa, «machine à voler», ndiyo kusema mashini ya kuiba. Pengine jina hilo liliionea. Lakini asiyeulizwa atasema nini tena?

Mwezi wa 12, 2023, tukaitwa tena mbele ya mashini za namna ile ile. Je, mbele ya uchaguzi ujao, yuko atakayeita wanakijiji 45, akawapa siku tano na mashahidi?