Wati elfu kumi za uongo: acheni kununua spika kwa ukubwa

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata wiki hii. Hifadhidata zitangoja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya spika.

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayejifunza u-DJ na kutengeneza muziki, alipiga hodi kwangu. "Brathe, nimeweka akiba miezi saba. Nisindikize mjini nikanunue sabwufa ya wati elfu kumi nianze kutengeneza biti." Nilimketisha chini. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nayaandika hapa niliyomwambia, kwa sababu si yeye peke yake. Kila mwezi kuna mtu anabeba akiba yake Luthuli Avenue na kurudi na boksi kubwa lenye taa za disko.

Tuanze na hizo wati. Soketi ya ukutani kwako ni ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha: 13 mara 240 ni wati 3,120. Hapo ndipo plagi inapofika, basi. Sasa boksi limeandikwa PMPO 10,000W. Hizo wati nyingine karibu elfu saba zinatoka wapi? Kwa mganga? Geuza hiyo sabwufa, soma stika ndogo iliyo nyuma. Ile niliyowahi kuinunua mwenyewe nikiwa chuo (duka silitaji) ilikuwa imeandikwa 60W. Birika ya umeme ya kuchemshia chai inakula zaidi ya mara thelathini ya hapo, na haijawahi kujigamba kuwa ni DJ.

PMPO ni namba isiyo na kipimo kilichokubaliwa na mtu yeyote. Ulizia wati za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Na hata hizo usizililie. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu zaidi. Yamaha HS5, spika ya studio yenye koni ya inchi 5, ina wati 70: 45 za besi na 25 za sauti za juu. Ukiketi mita moja kutoka hapo utaomba kuipunguza.

Pili, sabwufa ya sebuleni imetengenezwa ikufurahishe. Besi imevimbishwa makusudi na sauti za juu zimetiwa sukari. Kwa kusikiliza nyimbo na jamaa zako Jumapili, sina ugomvi nayo. Lakini kwa kutengeneza muziki? Mimi ni mtu wa kuandika programu, nami nauliza: nani anataka kompaila inayoficha makosa ili ujisikie vizuri? Monita ya studio (si ile ya kompyuta, jamani) kazi yake ni kukuambia ukweli. Wimbo ukiwa mbaya, isikike kwamba ni mbaya.

Historia iko wazi. Mwaka 1978 Yamaha walitoa spika ya nyumbani, NS-10, yenye koni nyeupe. Haikuwapendeza wasikilizaji wa kawaida. Lakini mafundi wa studio waliichukua, kwa sababu haikuwa na huruma: kosa lililokuwa kwenye wimbo lilitoka nje wazi. Ikawa juu ya mikseri za studio kubwa duniani hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001, na bado wengine wanaitafuta kwa mkono wa pili. Koni yake ilikuwa ya inchi 7 hivi, na besi yake ilikuwa kidogo.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu wangu mwenyewe. Baada ya ile sabwufa nilijiona nimeerevuka. Nikanunua monita mbili za inchi 8 zilizotumika, nikaziweka kwenye bedsita yangu ya mita 3 kwa 3. Kiti katikati ya chumba. Nikatengeneza wimbo wiki tatu. Besi sikuisikia vizuri, nikaongeza. Bado. Nikaongeza tena. Wakati huo jirani, mama mmoja mpole kabisa, anagonga ukuta akiniuliza kwa nini sufuria zake zinatetemeka. Mimi nikadhani mama ananionea!

Rafiki yangu makanga akaucheza wimbo huo kwenye matatu yao. Besi ilimeza kila kitu. Sauti ya mwimbaji haikusikika, na abiria mmoja akaomba wabadilishe. Niliteremka kituo kimoja kabla ya changu.

Kosa lilikuwa nini? Hesabu ya kidato cha pili. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Kati ya kuta zilizoachana mita 3, wimbi la masafa ya Hz 57 hivi linaingia nusu yake kamili, linadunda huku na huku na kujijenga. Linakuwa na nguvu kubwa ukutani na karibu hakuna katikati ya chumba. Na chumba kikiwa mraba, kuta zote nne zinafanya mchezo huo huo kwa masafa yale yale. Mimi niliketi mahali pasipo na besi, mama wa watu akaketi ilikojaa. Mama alikuwa sahihi. Vyumba vingi tunavyopanga ni futi kumi kwa kumi, kwa hiyo msicheke.

Spika kubwa inasukuma nguvu nyingi zaidi huko chini kabisa, pale pale chumba chako kinapodanganya zaidi. Ndiyo maana nasema chumba kidogo kitafutiwe spika ndogo: inchi 3 hadi 5.

Najua majibu yenu. "Spika ndogo haina besi." Kweli, ile ya chini kabisa haitoshi. Uzi wa chini wa gitaa la besi ni Hz 41, na inchi 5 nyingi zinaanza kuchoka kabla ya hapo. Basi sehemu hiyo ikague kwa hedifoni nzuri, kwa sababu hedifoni haina kuta. Afadhali kifaa kinachonyamaza kuliko kinachodanganya.

"DJ lazima apige kwa sauti kubwa." Ukumbini, ndiyo. Nyumbani unafanya mazoezi. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson mwaka 1933 tunajua kwamba sikio husikia besi vizuri zaidi sauti inapokuwa juu, kwa hiyo ukipandisha, kila kitu kinaonekana kitamu, hata takataka. Na masikio hayana vipuri: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki.

"Nitabandika trei za mayai." Ndugu yangu, trei za mayai hazizuii sauti. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu, besi inapita kama kawaida, na ukuta mzima unakuwa kuni. Godoro nene lililosimamishwa nyuma yako litakusaidia zaidi.

Haya, ukifika dukani fanya hivi:

1. Soma masafa pamoja na desibeli zake. HS5 inaandikwa inaanzia Hz 54, lakini hiyo ni mahali ambapo sauti imeshashuka desibeli 10. Kwa kipimo cha kushuka desibeli 3 ni Hz 74. JBL 305P MkII ni Hz 43 kwa kipimo cha kwanza. Ukilinganisha namba mbili za vipimo tofauti umejidanganya mwenyewe.

2. Uliza kama bei ni ya moja au ya jozi. HS5 huuzwa mojamoja. Watu wamefika nyumbani na sikio la kushoto tu.

3. Angalia tundu la hewa. Likiwa nyuma, kama kwenye hizo mbili, usiibandike spika ukutani. Zote mbili zina swichi nyuma ya kupunguza besi ukiwa huna nafasi.

4. Usitegemee Bluetooth kwa kuchanganya. Inaweza kuchelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Hesabu mwenyewe. Tumia waya.

5. Beba nyimbo tatu unazozijua kama jina lako. Usisikilize zile za muuzaji, amezichagua kwa sababu yake.

Nyumbani, spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, na spika ndogo ya juu ilingane na sikio. Zitoe kwenye kona. Usikae katikati kabisa ya chumba. Kisha fungua Audacity, ambayo ni ya bure, utengeneze milio kuanzia Hz 40 hadi 120, ukipanda tano tano. Mimi niliandika skripti ya Python ya mistari kumi. Mlio unaotoweka au unaounguruma, andika. Hiyo ndiyo orodha ya uongo wa chumba chako, na ukishaijua hutaongeza besi kipofu tena.

Kijana wangu hakusema mengi. Aliinuka, akaenda kugeuza redio yangu kusoma stika ya nyuma. Jumamosi tunaenda mjini pamoja, yeye na flashi yake ya nyimbo tatu, mimi na kikokotoo. Miezi saba ya jasho haiwezi kuishia kwenye taa za disko.

Wenye sabwufa, karibuni mnitukane kwenye maoni. Lakini mje na stika ya nyuma.